Makaa, Mshumaa na Swali la Mtoto

Wakufunzi wenzangu waliozoea kukagua mazoezi ya kufundisha watakubaliana nami kwamba dawati la nyuma ya darasa humfundisha mtu unyenyekevu. Hapo mkufunzi huketi magoti yakikaribia kidevu, kwa kuwa dawati lenyewe ni la watoto, naye huwa na fomu ya tathmini mkononi. Hutakiwa kutoa alama juu ya andalio la somo, zana, sauti, mwandiko wa ubaoni, na mwisho kabisa, namna mwanachuo anavyoyapokea maswali ya wanafunzi. Jambo hilo la mwisho limepewa mstari mmoja tu katika fomu yetu. Makala haya yanahusu mstari huo, ingawa itanibidi nizunguke mbali kidogo, mpaka kwenye kompyuta za wahandisi wanaohesabu moto, kabla sijaurudia.

Mwanachuo niliyemkagua siku hiyo alikuwa binti wa mwaka wa pili, mwenye sauti inayofika nyuma bila ya kupiga kelele, jambo ambalo si dogo katika darasa la watoto sabini. Alikuwa akifundisha darasa la tano juu ya moto na mahitaji yake. Zana zake zilikuwa za kawaida na zilizotayarishwa vema: mshumaa, gilasi, sahani, kiberiti, na jiko dogo la makaa aliloliazima kwa mpishi wa shule, pamoja na ndoo ya mchanga pembeni. Aliuwasha mshumaa, akaufunika kwa gilasi, ukazimika. Watoto wakasema wenyewe kwamba moto unahitaji hewa. Kisha, ili kulitilia nguvu jambo hilo, akachukua kipepeo cha ukindu akayapepea makaa yaliyokuwa yakianza kufifia; yakaiva na kuwa mekundu. Akaandika ubaoni: Tukiongeza hewa, moto huongezeka.

Mkono ukainuka upande wa dirishani. "Mwalimu, mbona mshumaa tukiupulizia hewa unazimika?"

Darasa likacheka. Mwanachuo akageuka akanitazama mimi, kosa ambalo wanachuo wote hulifanya, kisha akajikaza akasema, "Swali zuri. Tutalijibu kipindi kijacho." Akaendelea na andalio lake mpaka mwisho, kwa utaratibu mzuri.

Kalamu yangu ilikuwa imesimama. Swali lile nilikuwa nimekwisha kuulizwa.

Mwaka 1988 nilikuwa mwalimu mgeni katika shule moja ya kijijini, na nilikuwa nikilifundisha somo hilohilo, kwa jiko na mshumaa vilevile, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa kulifundisha. Kijana mmoja akaniuliza swali lilelile, karibu kwa maneno yaleyale. Nilimjibu haraka kwamba upepo mdogo huwasha na upepo mkali huzima, nikamwambia akae. Hakukaa. Alisema, kwa adabu kabisa, "Lakini, mwalimu, mimi nilipuliza sawasawa." Yaani alikuwa amelijaribu nyumbani. Pumzi ileile aliyoyapulizia makaa ya mama yake ndiyo aliyoupulizia mshumaa, na vitu viwili vikafanya mambo mawili. Badala ya kumsifu kwa kufanya jaribio ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifanya, nilimsimamisha pembeni hadi kipindi kikaisha, kwa kosa la kubishana na mwalimu. Nilimfundisha miaka miwili mingine hata akamaliza darasa la saba. Mkono ule haukuinuka tena katika somo langu.

Kwa muda mrefu nilidhani kosa langu lilikuwa la ukali tu, na kwamba jibu lenyewe lilikuwa sahihi. Aliyenionyesha kwamba hata jibu lilikuwa na kasoro ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye alisomea uhandisi wa mitambo hapa nchini, kisha akaenda Ujerumani kwa masomo ya juu. Alipokuja likizo tuliketi uani baada ya chakula cha usiku, jiko likiwa bado lina moto. Nilimtania: "Nasikia wewe bwana unalipwa kwa kutazama moto."

"Silipwi kuutazama, Mjomba. Nalipwa kuuhesabu."

"Moto unahesabika?"

"Hapo ndipo penye kazi."

Akaenda ndani akaleta kijiti cha udi, akakiwasha, akakisimamisha mahali pasipo upepo. Ewe mwanachuo unayesoma, fanya jaribio hili kabla hujaendelea, maana halina gharama na linafaa kwa darasa lolote. Moshi hupanda ukiwa umenyooka kama uzi. Ukifika kimo fulani, huanza kuyumba, kisha hukatikakatika na kujisokota katika visulisuli vidogo hata usiweze tena kuufuata kwa macho. Sehemu ya chini ni mtiririko tulivu. Sehemu ya juu ni msukosuko. Osborne Reynolds, huko Manchester, aliyaeleza mambo hayo mwaka 1883 kwa kupitisha maji katika bomba la kioo, na ndani ya maji akatia uzi mwembamba wa rangi. Maji yalipokwenda polepole uzi ulinyooka. Koki ilipofunguliwa zaidi uzi ulitetemeka, kisha rangi ikaenea bomba zima. Aligundua kwamba mpaka kati ya hali hizo mbili hauamuliwi na kasi peke yake, bali na kasi, upana wa njia, uzito wa kitu kinachopita na mnato wake, vyote vikikusanywa katika namba moja. Namba hiyo hata leo inaitwa kwa jina lake.

Moto wa mshumaa uliotulia unafanana na sehemu ya chini ya moshi ule. Moto ulio ndani ya tanuri la kiwanda, injini ya ndege au mtambo wa umeme unafanana na sehemu ya juu, tena kwa ukali mkubwa zaidi. Gesi ya Songo Songo, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, ilianza kuchomwa katika mitambo ya umeme ya Ubungo mwaka 2004, na miali iliyomo ndani ya mitambo ya namna hiyo ni ya msukosuko mtupu. Mhandisi hawezi kuchungulia ndani kama anavyochungulia jikoni. Kwa hiyo hutengeneza kielelezo cha hesabu. Hapa natumia neno kielelezo si kwa maana ya picha tunazobandika ukutani, bali kwa maana ya kitu kilichorahisishwa ambacho hutumika mahali pa kitu halisi ili tuweze kukifikiri.

Njia yenyewe, alivyonieleza, ni kuigawanya nafasi yote ya tanuri kuwa visanduku vidogo. Kwa kila kisanduku kompyuta huuliza: hewa kiasi gani imeingia, kiasi gani imetoka, joto limeongezeka kiasi gani, mafuta yamebaki kiasi gani? Halafu husogea mbele sehemu ndogo sana ya sekunde na kuuliza upya. Ni kama karani wa ghala anayefunga daftari kila jioni, ila maghala ni mengi na jioni ni nyingi.

"Basi fanyeni visanduku vidogo vya kutosha, mambo yaishe," nikasema.

Alicheka. Akaokota kijiti, akaandika chini. Kisulisuli kidogo kabisa ndani ya moto huweza kuwa na upana wa sehemu ya kumi ya milimita, au chini ya hapo. Tanuri lenye urefu, upana na kimo cha mita moja moja, likigawanywa kwa kipimo hicho, linapata visanduku 10,000 kila upande. Vyote pamoja ni trilioni moja. Na ndani ya kila kisanduku kuna kemia. Sisi ubaoni tunaandika kwamba methani na oksijeni huzaa kabonidayoksaidi na maji, mstari mmoja, watoto wananakili. Orodha moja inayotumiwa sana na wahandisi kwa gesi asilia, iitwayo GRI-Mech 3.0, ina aina 53 za kemikali na mimenyuko 325. Mstari wetu wa ubaoni ni mlango tu wa nyumba hiyo. Sisemi tusiuandike, tuuandike tukijua kwamba ni mlango.

Kwa sababu hizo mhandisi hulazimika kutumia visanduku vikubwa, kisha akisie kwa busara yanayotokea ndani ya kila kimoja. Kisio la kwanza linalomjia mtu yeyote ni wastani. Reynolds mwenyewe alipendekeza mwaka 1895 kwamba mwendo wa msukosuko ugawanywe sehemu mbili, wastani na mabadiliko yanayouzunguka wastani huo, na wahandisi wameitumia njia hiyo tangu wakati huo. Lakini kwa moto wastani una mtego, na mtego wenyewe unaweza kuelezwa kwa hesabu ya darasa la sita. Chukua bustani mbili za mraba, moja yenye upande wa mita 2 na nyingine yenye upande wa mita 10. Wastani wa pande ni mita 6, na bustani ya mita 6 ina eneo la mita za mraba 36. Sasa tafuta eneo la kila bustani: 4 na 100. Wastani wake ni 52. Ukipata wastani kwanza, kisha ukakokotoa, unapata jibu moja. Ukikokotoa kwanza, kisha ukapata wastani, unapata jingine. Naomba mlijaribu zoezi hili na wanafunzi wenu. Mtaona jinsi lilivyo geni hata kwa wale wanaojua maeneo vizuri.

Katika moto tofauti hiyo si ya 36 na 52. Svante Arrhenius wa Sweden alieleza mwaka 1889 jinsi mmenyuko unavyopata kasi kadiri joto linavyopanda, na kasi hiyo hupanda kwa ukali kuliko mraba. Mpwa wangu alinipa zoezi: fikiri mahali ambapo mwali unachezacheza, nusu ya muda pana joto la Kelvini 300, ambalo ni kama la mchana wetu wa kawaida, na nusu ya muda Kelvini 2,100. Wastani wake ni 1,200. Kwa namba alizozitumia, kasi halisi ya mmenyuko ilikuwa zaidi ya mara mia ya ile inayopatikana kwa kutumia joto la wastani. Joto la 1,200 lenyewe halikuwapo mahali pale wakati wowote. Nilikumbuka daftari langu la alama, na darasa moja nililopata kulifundisha ambalo nusu walikuwa wakipata 90 na nusu 10. Nami kwa mwaka mzima niliandaa masomo ya mtoto wa 50, ambaye hakuwamo darasani.

Ndipo tulipofika kwenye swali langu la mwaka 1988, ingawa mpwa wangu hakujua kwamba tunaliendea. Alinieleza kwamba mwaka 1971 yalichapishwa maelezo ya D. Brian Spalding, aliyekuwa akifundisha Imperial College ya London, yenye wazo rahisi na la kijasiri. Spalding alisema, kwa muhtasari, tuiache kemia kando. Mimenyuko ya moto ni ya haraka mno. Kinachochelewa ni kukutana. Mafuta na hewa vikishachanganyika, vimekwisha kuungua. Kwa hiyo kasi ya moto ni kasi ya visulisuli kuvunjikavunjika na kuchanganya vitu. Hesabu ya namna hiyo ni nyepesi, na kwa miali mingi hutoa majibu ya karibu. Mwaka 1976 Magnussen na Hjertager wa Norway waliliendeleza wazo hilo, nalo likatumika sana viwandani.

"Basi kwa hesabu ya Spalding," nikauliza polepole, "nikiupulizia mshumaa kwa nguvu zaidi?"

"Visulisuli vinaongezeka, mchanganyiko unaongezeka, moto unaongezeka."

"Kama makaa."

"Kama makaa, Mjomba. Kwa kielelezo kile peke yake, mshumaa hauzimiki kamwe."

Nilinyamaza. Niliyoyaandika ubaoni kwa miaka mingi, kwamba tukiongeza hewa moto huongezeka, ndiyo hayohayo. Yule kijana alikuwa ameniletea kipimo kinachokipinga kielelezo changu, nami nikamsimamisha pembeni.

Nikamweleza habari ile. Hakucheka. Aliniambia kwamba kuzimika kwa moto ni miongoni mwa mambo magumu kabisa katika kazi yao, na kwamba wapo watu waliolipa swali la aina hiyo miaka mingi ya maisha yao. Kisha akanieleza juu ya miali iliyopewa herufi badala ya majina. Katika Maabara ya Sandia, Livermore, jimboni California, walichoma mchanganyiko wa methani na hewa kwa kichomeo kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Sydney. Bomba lake lina kipenyo cha milimita 7.2, na kuuzunguka mdomo wake kuna vimiali vidogo vinavyoushikilia moto usitoroke. Miali ilipangwa kwa kasi, kutoka A hadi F. A ni tulivu. D hutoka kwa karibu mita 50 kwa sekunde, na F kwa karibu mita 100. Barlow na Frank walichapisha vipimo vya miali hiyo mwaka 1998, vilivyopatikana kwa miale ya leza bila ya kuugusa moto. D huwaka vizuri, ikiwa na mapengo machache. Kadiri kasi inavyopanda mapengo huongezeka, na katika F moto huzimika hapa na kuwaka tena pale, ukiwa karibu kutoweka kabisa. Kwa maneno mengine, watu walichukua vyombo vya thamani kubwa wakaupulizia mshumaa hatua kwa hatua, wakiandika kila hatua.

Jambo lililonigusa zaidi ni matumizi ya vipimo vile. Kulikuwa na mkutano wa kimataifa wa wapimaji na wahesabuji wa miali ya namna hii, ambao kikao chake cha kwanza kilifanyika Naples, Italia, mwaka 1996, kisha ukaendelea kufanyika. Makundi kutoka vyuo mbalimbali huuhesabu mwali mmoja, kila kundi kwa kielelezo chake, na majibu yote huchorwa kwenye chati moja pamoja na vipimo. Mtu aliyekosea huonekana mbele ya wote. Hutokea kielelezo kikapata joto sawasawa na bado kikakosea kiasi cha kaboni monoksidi, na hapo wenzake humwuliza kwa nini. "Hufedheheki?" nikamwuliza. Akasema mara ya kwanza unafedheheka.

Sasa, kwa nini mshumaa huzimika na makaa yakakolea? Nitaeleza kama nilivyoelezwa, kwa kuwa mwanachuo lazima alijue jibu kwa kina zaidi ya kiwango atakachokisema darasani. Katika kila moto kuna mashindano ya nyakati mbili: muda ambao hewa huchukua kuja na kuondoka, na muda ambao mmenyuko huchukua kutoa joto. Uwiano wa nyakati hizo huitwa namba ya Damköhler, kwa jina la Mjerumani Gerhard Damköhler. Hewa ikija kwa wastani, mmenyuko hushinda na moto hutumia kila kinacholetwa. Hapo Spalding yuko sahihi. Hewa ikija kwa kasi mno, hubeba joto na kuondoka nalo kabla mmenyuko haujafidia. Ngozi ya moto hunyooshwa na kuwa nyembamba, hupoa, na ikipoa kupita kiasi mmenyuko hulala. Norbert Peters wa Aachen alionyesha mwaka 1984 namna ya kuuhesabu mwali wa msukosuko kama mkusanyiko wa vipande vyembamba vya mwali tulivu, kila kimoja kikinyooshwa kwa kiasi chake, na kila kimoja kikiwa na mpaka ambao kikiuvuka huzimika.

Mwali wa mshumaa ni mvuke wa nta unaoungua, hauna akiba. Joto lake lote limo katika ngozi hiyo nyembamba, na pumzi moja hulichukua, pamoja na kuuhamisha mwali mbali na utambi. Kaa lina akiba. Ni kitu kigumu, kizito, ambacho tumbo lake limejaa joto, na mafuta yake hayapeperuki. Kinachokosekana kwenye uso wake ni oksijeni tu, tena majivu hulifunika. Pumzi huleta oksijeni na kuyaondoa majivu. Joto linaloibwa na pumzi ni dogo kuliko linalozalishwa. Wahunzi wetu wa zamani, waliokuwa wakivuta mivukuto masaa mengi, walilijua hilo kwa mikono yao. Jibu nililompa yule kijana, la upepo mdogo na upepo mkali, lilikuwa na chembe ya ukweli, lakini halikujibu alichouliza. Yeye aliuliza juu ya pumzi moja na vitu viwili.

Miaka michache iliyopita nilimwona. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, ana kibanda chake karibu na stendi. "Shikamoo, mwalimu," akaniamkia, nikamwitikia marahaba. Alikuwa akirekebisha mwali wa gesi; alipoifungua koki kupita kiasi mwali ukaruka mbali na pua ya bomba, akairudisha koki upesi ukatulia. Nikamwuliza kwa nini. "Ukizidisha, mwalimu, moto unaikimbia pua." Nilimkumbusha swali lake la darasa la tano nikamwomba radhi. Hakulikumbuka hata kidogo. Alikumbuka kwamba nilikuwa mkali, akalisema hilo kwa heshima, akanitafutia kiti.

Narudi kwa mwanachuo wangu. Baada ya kipindi tuliketi chini ya mwembe kama ilivyo desturi. Nilimwambia kwamba kuahirisha swali si kosa, na ni afadhali mara nyingi kuliko kubuni jibu. Lakini mwalimu aliyeahirisha amekopa, na watoto hukumbuka madeni kuliko tunavyodhani. Akaniuliza, "Basi jibu ni lipi, mkufunzi?" Nikamweleza niliyoyaandika hapo juu, kwa ufupi. Akaniuliza tena, "Nitawaambiaje watoto habari za namba ya Damköhler?"

Hupaswi kuwaambia. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapokwama: tunadhani njia ni mbili tu, kuwapa watoto kanuni fupi yenye kasoro, au kuwamwagia elimu ya chuo kikuu. Mkufunzi mwenzangu mmoja, ambaye ninauheshimu uzoefu wake, huniambia kwamba muhtasari umejaa na dakika arobaini ni chache, kwa hiyo kanuni fupi inatosha. Namwelewa. Lakini mstari wa ubaoni ungeweza kupunguzwa tu: tulipoyapepea makaa, yalikolea. Huo ni ukweli usio na kasoro, na unaacha mlango wazi. Tukaandaa pamoja kipindi cha kulipa deni. Kwanza watoto waseme, na majibu yao yaandikwe ubaoni hata yakipingana, kitakachotokea kwa mshumaa, kwa kaa na kwa kijinga cha kuni vikipulizwa kwa pumzi moja. Kisha wapulize, wakiwa wamesimama mbali na kwa zamu, wenye nywele ndefu wakiwa wamezifunga, na ndoo ya mchanga ikiwa karibu. Kisha waviguse kwa fikra: kipi kina joto tumboni? Kipi kinaungua ambacho hakishikiki?

Kwa swali la mwisho nilimshauri atumie jaribio la zamani, ambalo Michael Faraday alilionyesha katika mihadhara yake ya mshumaa kwa vijana huko London, iliyotolewa kitabu mwaka 1861. Ukiuzima mshumaa, moshi mweupe hupanda kutoka kwenye utambi. Sogeza njiti inayowaka kwenye moshi huo, mbali kidogo na utambi, nao moto huruka kwa kuteremka na kuuwasha mshumaa upya. Hapo mtoto huona kwa macho yake kwamba kinachoungua ni mvuke.

Kipindi hicho nilikwenda kukiangalia, ingawa hakikuwa katika ratiba yangu. Mwanachuo alianza kwa kumtaja mtoto wa dirishani kwa jina na kusema kwamba leo analipa deni lake. Mtoto yule alikaa wima. Makisio yaliandikwa, ubao ukajaa. Kaa likapulizwa, likakolea. Kijinga kikapulizwa, kikafanya yote mawili, mwali ukapotea na ncha ikawa nyekundu, na hapo mabishano yakapamba moto hata mwalimu mkuu akapita dirishani kutazama kuna nini. Mshumaa ukapulizwa, ukazimika, kama tulivyotarajia mimi na mwanachuo wangu. Alikwisha kuichukua njiti kwa jaribio la moshi wakati msichana mdogo wa dawati la mbele, ambaye hakuwa ameuliza lolote vipindi vyote viwili, aliposimama na kuinamia mshumaa ule.

"Mwalimu, usiwashe kwanza," akasema. "Utambi una kaa."

Mwanachuo akainama. Kwenye ncha ya utambi palikuwa na nukta nyekundu, ndogo kuliko punje ya mtama, iliyokuwa ikififia. Msichana akaipulizia polepole. Ikang'aa.

Sikuwa nimeliona hilo katika miaka yangu yote ya mishumaa. Mwanachuo hakugeuka kunitazama. Alimpa yule msichana mshumaa aushike, akawaita wenzake wasogee kwa safu, akamwambia, "Waonyeshe." Kengele ililia safu ikiwa bado haijafika nusu, na mstari ule wa fomu nilikuwa sijaujaza.